Nani Alisaini Karatasi ya Dereva

Katika mazungumzo ya amani, dereva huona mambo ambayo mwandishi wa habari hayaoni. Mwandishi husimama nje ya ukumbi akisubiri taarifa iliyokwisha kupigwa pasi. Dereva ana karatasi ya safari, na karatasi hiyo lazima mtu aisaini jioni, la sivyo hakuna malipo. Nimeendesha magari ya kukodi hapa Nairobi tangu enzi za Moi, na sehemu kubwa ya riziki yangu imetokana na kubeba wajumbe: Wasomali, Wasudani, Wasudani Kusini, na Wakongo kidogo. Vijana wa steji wakiniuliza vita huanzaje, sianzi na kabila wala dini. Nawauliza kwanza ni nani alikuwa akisaini karatasi.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya lugha. Mimi ni Mnubi wa Makina, Kibera. Kinubi chetu kinakaribiana sana na Kiarabu cha Juba, kiasi kwamba mtu wa Juba akizungumza nami namjibu bila mkalimani, ingawa hucheka matamshi yangu hadi machozi. Wazee wetu walikuwa askari. Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, alipoifunga njia ya kaskazini, jeshi la Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, lilibaki limekwama kusini mwa Sudan, na mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, akawakuta masalia wake karibu na Ziwa Albert, akawachukua wakampiganie Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, wamechoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo. Waliobaki waliingia jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, wakapelekwa kupigana na watu ambao hawakuwahi kuwakosea, na mwisho wakapewa msitu wa Kibera wajenge. Hati ya ardhi, ekari 288, tuliipata mwaka 2017, yaani baada ya zaidi ya karne ya kuitwa wageni. Kwa hiyo suala la mtu wa mbali kuwalipa watu wapigane si habari niliyoisoma gazetini. Ndiyo iliyonileta Nairobi kabla sijazaliwa.

Kabla sijabeba mjumbe hata mmoja, nilishaona ugomvi mdogo ukigeuzwa mkubwa mlangoni kwetu. Mama alikuwa na vyumba vya kupangisha, vya udongo na mabati, na wapangaji wake wengi walikuwa Wajaluo. Ugomvi wa kodi ulikuwepo siku zote: huyu kachelewesha, yule anadai bati linavuja, mwingine kaleta shemeji sita bila taarifa. Ni mambo yaliyomalizwa kwa maneno makali na kikombe cha chai. Mwishoni mwa 2001 Rais Moi akatamka hadharani kwamba kodi za Kibera ni ghali mno na zishushwe. Raila Odinga, mbunge wetu na waziri wakati huo, akaunga mkono. Kuanzia hapo hapakuwa tena na mpangaji wala mwenye nyumba. Palikuwa na Mjaluo na Mnubi. Wapangaji wakagoma kulipa, vijana wetu wakaenda kuwatoa kwa nguvu, mapanga yakachomolewa, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Fundi viatu aliyekaa chumba cha tatu kwa mama alihama usiku akiwa na deni la miezi miwili. Alimwachia mama ufunguo na jiko lake la makaa, akasema atalirudia. Hakulirudia, na mama alilitumia kuokea gurusa mpaka lilipotoboka.

Ghasia zile zilikuwa mbaya, lakini ziliisha. Polisi walimwagwa, na baada ya wiki kadhaa watu wakaanza tena kwenda vibaruani Industrial Area kwa miguu, Mjaluo na Mnubi kwenye njia moja ya reli. Wakati ule sikujiuliza kwa nini ziliisha. Niliona tu kwamba mtu akipoteza panga hapakuwa na wa kumpa jingine, na asipokwenda kazini siku tatu, watoto hawali. Chuki ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuigharimia.

Mazungumzo ya Somalia yalianza Eldoret mwezi Oktoba 2002, na Februari 2003 yakahamishiwa Mbagathi, kwenye chuo cha mawasiliano. Hapo ndipo nilipoingia kazini kwa ukamilifu. Waliofika walikuwa wengi kuliko walioalikwa, na kila mmoja alikuwa kiongozi wa kitu fulani. Asubuhi tulipanga magari kwenye vumbi, mama wa kantini akikaanga anjera kwa namna ambayo wajumbe waliilalamikia kila siku na kuimaliza kila siku. Saa nane mchana shughuli ilisimama kusubiri miraa. Kwenye uwanja wa Wilson, si mbali, ndege ndogo zilipakia miraa kwenda Mogadishu siku zote za vita. Mji uliokuwa hauna serikali, hauna benki kuu wala polisi, haukukosa miraa. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba anayetaka kujua kama barabara imefungwa kweli, aangalie kama aliye na pesa anapita.

Mkalimani niliyembeba mara nyingi alikuwa mzee aliyezaliwa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, na kuhamia Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi. Alikaa kiti cha mbele, miguu nje ya viatu, akanifundisha historia ya kwao kwenye foleni ya Lang'ata Road. Alianza na mwaka 1977. Siad Barre, mtawala wa Somalia, aliivamia Ogaden, jimbo la Ethiopia, kwa silaha za Warusi. Warusi wakaona Ethiopia ya Mengistu ni rafiki mkubwa zaidi, wakahamia huko, na askari wa Kuba wakaja kusaidia. Barre akawafukuza Warusi, akawafungulia mlango Wamarekani, nao wakapata matumizi ya bandari na uwanja wa Berbera. Ndani ya muda mfupi pembe yote ya Afrika ilikuwa imejaa bunduki za pande zote mbili za dunia. Kisha Barre akawahifadhi waasi wa Mengistu, na Mengistu akawahifadhi waasi wa Barre.

"Sisi tulikuwa na ugomvi na Siad Barre kuhusu nani anakula na nani analala njaa," mzee alisema. "Ugomvi huo kila nchi inao, hata nyinyi. Bunduki ndizo ambazo tusingeweza kuzinunua wenyewe."

Aprili 1988 watawala wale wawili walipatana: kila mmoja aache kuwafadhili waasi wa mwenzake. Ukisikia hivyo utadhani ni amani. Waasi wa SNM waliokuwa wamehifadhiwa Ethiopia walijikuta hawana pa kukaa, na mwezi Mei wakaingia Hargeisa na Burao kwa nguvu. Jeshi la Barre likajibu kwa ndege. "Zilipaa kutoka uwanja wa Hargeisa, zikapiga Hargeisa, zikatua Hargeisa," mzee alisema, akihesabu kwa vidole kana kwamba ni safari tatu tofauti. Rubani hakuhitaji hata kukunja magurudumu vizuri. Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991, na wale waliomfukuza, Jenerali Aidid na Ali Mahdi, walikuwa wa chama kimoja, USC, na wote Wahawiye. Walipokosana kuhusu nani awe rais waliugawa mji vipande viwili. Ndiyo maana mtu akiniambia vita vya Somalia ni vya koo tu, namuuliza mbona vile vya Mogadishu vilianza ndani ya ukoo mmoja. Ukoo walikuja kuutafuta baadaye, walipohitaji watu wa kubeba bunduki zilizokwisha kuwepo.

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu. Ukumbini Mbagathi kikao kilikuwa kimoja, lakini jioni magari yalitawanyika. Wajumbe wa kundi hili tuliwapeleka kwa watu wa ubalozi huu, wa kundi lile kwa ubalozi ule. Haikuwa siri kwamba Ethiopia ilikuwa na kundi lake, SRRC, na kwamba serikali ya mpito iliyoundwa Arta, Djibouti, mwaka 2000 ilikuwa na marafiki Uarabuni. Wenyeji wa mazungumzo, akina Balozi Bethuel Kiplagat, walijitahidi kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo. Lakini kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na pale waamba ngoma walikuwa wengi kuliko wachezaji.

Nilikuwa na mjumbe mmoja wa mikoa ya kusini, mtu mpole, mwenye shati moja la mikono mirefu alilolifua mwenyewe usiku. Karatasi yangu aliisaini yeye, kwa niaba ya kamati, kwa mwandiko wa mwalimu. Njiani alikuwa akijadili na wenzake vipengele vya kugawana wilaya, wakipingana na kucheka. Siku moja nikaambiwa amehama, nikamchukue hoteli ya bei. Alikuwa na suti mpya. Jioni, karatasi yangu ikasainiwa na kijana wa miwani ambaye hakuwa Msomali na hakusema anatoka wapi. Tangu hapo yule mpole hakuwa na haja ya kamati. Wenzake akawaita wezi, kisha wasaliti. Siamini kwamba alikuwa amewachukia ghafla. Kabla ya hapo alihitaji wakubaliane ili arudi nyumbani na kitu mkononi. Baada ya hapo alikuwa na kitu mkononi hata wasipokubaliana. Hilo ndilo jambo moja nililojifunza kazini na ambalo ningeweza kuapa juu yake: mkorofi hana madhara makubwa mpaka apate mtu wa kumlipia ukorofi.

Bunge lilipatikana hata hivyo, viti 275 kwa hesabu ya nne na nusu, yaani koo nne kubwa viti 61 kila moja na makundi madogo viti 31 kwa pamoja. Oktoba 2004 wakamchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais pale uwanja wa michezo wa Kasarani, mtu aliyewahi kuanzisha uasi wake akiwa Ethiopia na kufungwa humo humo Ethiopia. Serikali nzima ikabaki Nairobi, inaishi hotelini. Machi 2005 wabunge walikutana katika hoteli moja ya katikati ya jiji kujadili kama majeshi ya nchi jirani yaingie Somalia kulinda serikali. Mimi nilikuwa kwenye maegesho. Tulisikia kishindo, tukadhani ni meza imeanguka. Walikuwa wakipigana kwa viti na fimbo. Mheshimiwa mmoja alitoka amejifunga kitambaa cha meza kichwani, bado kina chapa ya hoteli, akaniamuru niwashe gari. Alikuwa akipinga majirani. Njia nzima alirudia kwamba anayekuletea askari wake mlangoni hatakuuliza tena unataka nini.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda kwa kasi. Marekani iliwapa fedha wababe wa vita wa Mogadishu wawasake washukiwa wa ugaidi. Wenyeji, waliokuwa wamechoshwa na wababe hao, wakakasirika, na Muungano wa Mahakama za Kiislamu ukapata wafuasi na kuuteka mji Juni 2006. Ethiopia ikaona hatari, Eritrea ikaona nafasi ya kumkomoa Ethiopia waliyepigana naye kati ya 1998 na 2000. Desemba jeshi la Ethiopia likaingia. Mahakama zikasambaratika, na kundi lao la vijana, Al-Shabaab, likapata hoja ambayo halikuwa nayo: kumfukuza mvamizi. Yule mheshimiwa wa kitambaa simtetei kwa mengine, lakini hilo aliliona mapema kuliko wataalamu wengi niliowabeba.

Oktoba 2011 Kenya nayo ikavuka mpaka. Septemba 2013 Al-Shabaab wakaua watu 67 kwenye jengo la maduka la Westgate. Aprili 2015, 148 chuoni Garissa. Katikati, Aprili 2014, polisi walipita Eastleigh nyumba kwa nyumba, wakawakusanya maelfu, na wengi wakapelekwa kuhakikiwa Kasarani. Ndiyo, Kasarani ile ile ambako miaka kumi nyuma niliwapeleka wabunge wakamchague rais. Mzee wangu mkalimani alikaa huko usiku mmoja, na kitambulisho chake cha Kenya mfukoni.

Watu hupenda kuniuliza: mbona sisi hatukufika huko mwaka 2008? Ni swali zuri, na jibu la kwamba Wakenya ni watu wa amani silikubali. Nilikuwepo. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 kwamba Kibaki amemshinda Raila, Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo, na kabla ya usiku kuingia sawasawa Kibera ilikuwa inawaka. Soko la Toi liliteketea. Vijana waling'oa reli, vipande virefu, wakivibeba mabegani kumi kumi kwa wimbo kama watu wa mazishi. Kulikuwa na uvumi kwamba askari wa Uganda wameingia magharibi mwa nchi, na reli ile ndiyo iliyokuwa ikipeleka mizigo Uganda, uvumi ulitosha. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu waliokufa nchini kuwa zaidi ya 1,100. Chuki ya kuanzisha vita tulikuwa nayo, tena ya kubakiza.

Lakini jeshi halikugawanyika, na kwa hilo peke yake tulinusurika nusu. Nusu nyingine ilitoka nje. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda na reli zilipofungwa, mafuta yalipungua Uganda na Rwanda, na majirani wote wakataka jambo moja: Wakenya wapatane malori yapite. Marekani, Ulaya na Umoja wa Afrika wakataka hilo hilo. Kofi Annan, msuluhishi, alikaa hoteli ya Serena na pande mbili, na hakuna upande uliokuwa na ubalozi wa kuukimbilia jioni. Nilibeba baadhi ya wasaidizi wa mazungumzo hayo. Karatasi zote, za upande huu na ule, zilisainiwa na ofisi moja. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia saini mbele ya Harambee House. Wageni waliingilia mambo yetu kwa nguvu zote, na sina budi kusema nashukuru. Kwa hiyo anayesema kila mgeni ni mchochezi hajakaa Nairobi. Tofauti ni kama wageni wote wanavuta kuelekea meza moja, au kila mmoja ana meza yake pembeni.

Sudan Kusini iliniumiza zaidi, labda kwa sababu ya lugha. Tarehe 9 Januari 2005 nilikuwa uwanja wa Nyayo wakati John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum walipotia saini amani, baada ya mazungumzo ya Machakos na Naivasha yaliyosimamiwa na Jenerali Sumbeiywo. Mama yangu alilia mbele ya televisheni. Hakuwahi kufika Sudan, wala mama yake. Miezi sita na kidogo baadaye Garang akafa kwenye ajali ya helikopta. Julai 2011 nchi ikapata uhuru, na Nairobi ikajaa maafisa wa Juba wenye familia Kileleshwa na Lavington.

Desemba 2013 ugomvi wa chama tawala, Rais Salva Kiir, Mdinka, na Riek Machar, Mnuer, wakigombea nani aongoze SPLM, uliingia ndani ya walinzi wa rais. Tarehe 15 wakapigana kambini Juba. Siku zilizofuata Wanuer waliuawa majumbani mwao, na wapiganaji wa Kinuer wakalipiza kisasi Bor. Uganda ikapeleka jeshi kumsaidia Kiir. Hapa naomba nisiwe mwepesi wa kuhukumu: huenda jeshi hilo liliiokoa Juba isichinjwe upya. Lakini mtu aliyeokolewa na jirani hana haraka ya kupatana na adui yake. Na adui yake alifanya nini? Akatafuta silaha Khartoum, kwa watawala wale wale ambao SPLM ilipigana nao kwa miaka mingi. Utafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba vita hivyo vilisababisha vifo karibu 383,000.

Huku Nairobi nilimbeba mke wa mkubwa wa upande mmoja Jumatatu na mke wa mkubwa wa upande wa pili Jumanne. Duka moja la vyakula, watoto shule moja, msusi mmoja. Mwaka 2016 shirika la The Sentry liliandika kwamba familia za Kiir na Machar wenyewe zilikuwa na nyumba katika mtaa mmoja wa kifahari hapa jijini. Madereva hatukuhitaji ripoti. Dereva mwenzangu Mdinka, aliyekuwa akilala vyumba vya Kawangware na mjomba wake ameuawa Bor, aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba: hawa wanapigana na nani?

Tangu Aprili 2023 abiria wangu wengi ni Wasudani wa kaskazini, watu wa Khartoum na Omdurman waliokodi vyumba Kilimani. Mmoja ni mama, mwalimu wa hesabu, ambaye Kinubi changu hukielewa nusu na kukisahihisha nusu iliyobaki. Yeye ndiye aliyenieleza vita vyao kwa namna iliyonikaa. Desemba 2022 kulikuwa na makubaliano ya kurudisha utawala kwa raia. Ikabaki kuamua vikosi vya RSF, wanamgambo wa Hemedti, viunganishwe na jeshi la taifa la Jenerali Burhan ndani ya muda gani. Jeshi lilitaka miaka miwili. RSF walitaka kumi.

"Tofauti ni minane," akasema. "Mwanafunzi wangu wa darasa la pili angepata katikati."

Nilimuuliza mbona hawakuipata. Akanijibu kama mtu anayeandika ubaoni. Hemedti hakuwa ofisa anayesubiri mshahara wa serikali. Alikuwa na dhahabu ya Darfur, na dhahabu ya Sudan nyingi huenda Dubai. Alikuwa amekwisha kupeleka wapiganaji Yemen kwa niaba ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Burhan naye alikuwa na Misri nyuma yake, na baadaye ndege zisizo na rubani za Iran. Kila mmoja aliangalia ghala la rafiki yake, akaona miaka minane si kitu cha kusamehe. Mwanzoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba madai ya silaha kutoka Falme za Kiarabu kupitia uwanja wa Amdjarass, Chad, yanaaminika; Falme zenyewe zinakanusha, zinasema pale kuna hospitali. Zaidi ya watu milioni kumi wamehama makwao. El Fasher ilizingirwa tangu 2024, ikaanguka Oktoba 2025. Mama huyu ana kaka aliyekuwa El Fasher. Nami simuulizi.

Mwaka 2025 dalali mmoja alinipigia simu akitaka magari ya wageni wa mkutano. Sitasema mkutano gani. Nikamuuliza karatasi zitasainiwa na nani. Akacheka: "Mzee, hakuna karatasi. Ni dola, mkononi, asubuhi." Nilikwenda. Karo haina siasa, na gari lilikuwa na deni la matairi.

Mwezi Februari mwaka huo RSF na washirika wao walikutana kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, na kabla mwezi haujaisha wakatia saini hapa Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Kwa Msudani hiyo si adhabu ndogo kwake mwenyewe. Chai yetu ndiyo waliyoizoea. Wiki hiyo nilimchukua mwalimu wangu wa hesabu Nyayo House alikokwenda kufuatilia makaratasi ya uhamiaji. Alikaa nyuma, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ustadh," akasema, "nyinyi mmewapa ukumbi."

Nikamwambia serikali imesema inatoa jukwaa tu watu wazungumze. Nilisema kama nilivyolisikia redioni.

"Na Amdjarass walisema ni hospitali."

Tulipofika Yaya akaniomba nisimame. Kuna mtu wao anasafiri kwenda Port Sudan, na dada yake amemwagiza majani ya chai kwa sababu bei yake huko imeanza kupaa. Aliingia dukani, akatoka na mfuko unaomlemea, akausukuma kiti cha mbele na kukaa kando yake, mahali pake pa siku zote. Nikamuuliza kama huyo msafiri haogopi kukamatwa na watu wa forodha.

"Wao wenyewe unadhani wanakunywa nini?" akasema. "Twende, ustadh, na usipite Ngong Road, saa hizi haipitiki."